Ufagio wa Bwana Shamba

Katika darasa letu la jioni ufagio ulifanya kazi kuliko chaki. Chaki ilikuwa moja, nayo imeisha kiasi kwamba mwalimu aliishika kwa kucha, kama mtu anayechomoa mwiba. Ufagio ulikuwa mkubwa, umetundikwa ukutani mahali ambapo madarasa mengine huweka picha ya kiongozi, na kazi yake ilikuwa kumngoja mtu atamke neno moja. Neno lenyewe ni "jikaze". Ukilitamka, uwe mwanafunzi, uwe mgeni, uwe padri aliyepita kusalimia, unafagia ghala zima kona kwa kona, na ghala lile lilikuwa pana kama uwanja wa ndege. Padri alifagia. Nilimwona kwa macho yangu haya, kanzu ameikunja hadi magotini, na alifagia vizuri kutushinda sisi sote.

Aliyetunga sheria hiyo tulimwita Bwana Shamba. Jina lake la ubatizo ninalijua, lakini hapa kijijini Maguu ukilitaja watu watakuuliza, "Nani tena huyo?" Alikuwa bwana shamba wa kweli, wa kuajiriwa, hadi ilipofika ile miaka ya kufungua kila kitu, wakati mitumba ilipoingia, redio za kaseti zikaingia, wanunuzi binafsi wa kahawa wakaja na magari yenye honi za kuamsha wafu, na ofisi zikaanza kupunguza watu. Naye akapunguzwa. Akapewa barua, akapewa mkono, akarudi nyumbani akisukuma baiskeli yake. Jina likabaki. Serikali ilipompa cheo haikutuuliza, na ilipokichukua haikutuuliza vilevile, kwa hiyo sisi tukaendelea.

Ghala lilikuwa la chama cha msingi, limebaki tupu baada ya kahawa kuanza kuuzwa barabarani. Aliomba ufunguo, akapewa, akatundika ubao, akatangaza darasa la watu waliokosa sekondari. Alitukusanya kama bibi anayeokota punje za kahawa zilizodondoka chini ya mti. Wenye haraka huziruka, yeye anainama. Ndiyo maana darasa lilijaa watu wa ajabu. Kulikuwa na mpiga ngoma wa mganda aliyepiga kila alichokigusa, hadi kichwa cha jirani yake. Kulikuwa na dada mmoja aliyejibu maswali ya jiografia kwa beti. Na kulikuwa na mimi, niliyeacha shule kidato cha pili baada ya mwalimu wa historia kufungua daftari langu na kukuta kurasa arobaini zote zina sura yake, na katika kila sura amekasirika zaidi.

Cha kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe sanaa ilimpita mbali. Ng'ombe aliyemchora ubaoni tulidhani ni kabati. Kanisani aliimba kwa namna ambayo kwaya nzima ilimwombea safari. Lakini ukimwonyesha picha, aliishika kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga, kisha akasema, "Mimi sijui, lakini nimeona." Nimekwisha kusifiwa na watu wenye suti tangu wakati ule. Hakuna aliyewahi kuifikia sifa ile.

Alidharau ushirikina wa kila aina, na bado hakuwahi kutuhesabu darasani. "Kuhesabu watu kunaleta mikosi," alisema, mtu ambaye somo lake lilikuwa hesabu! Alitufokea kwa kuchelewa, na yeye hakuwahi kufika kwa wakati hata siku moja, kwa sababu njiani kila shamba lilimwita. Na alikuwa na neno lake moja la kila shughuli, "Nipo." Ukimwuliza hali, nipo. Ukibisha hodi, nipo. Ukimwuliza kama amechoka, amelishwa sumu au ameangukiwa na mti, nipo.

Basi niwaeleze sheria ya ufagio ilitoka wapi, maana ilianza na kosa, tena kosa la mlimani.

Alipokuja huku kijana, alitumwa akiwa na kamba na vigingi kutufundisha kilimo cha kisasa, na la kwanza lilikuwa kutuachisha ngolo. Asiyezijua ngolo ajue hivi: nyasi hufyekwa na kulazwa miraba miraba kwenye mteremko, kisha akina mama huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi. Unabaki na shimo katikati na kingo pande zote. Mazao hukaa kingoni, maji ya mvua hukaa shimoni na kuzama taratibu, na mlima mzima huonekana kama sega la asali. Bwana Shamba akasema hayo ni mambo ya kizamani. Akalima shamba la mfano lenye matuta yaliyonyooka kama mistari ya daftari, akasimika na bango. Mvua ikaja. Asubuhi shamba la mfano lilikuwa limehamia mtoni, na bango lake, nasikia, lilifika hadi ziwani likiwa bado limesimama, wavuvi wakalisoma. Ngolo za akina mama zilikuwa pale pale.

Jumapili, baada ya misa, alisimama mbele ya watu wote. "Akina mama, nilikuja kuwafundisha, nimefundishwa. Nisameheni."

Bibi mmoja akamjibu kutoka nyuma, "Tumekusamehe. Sasa njoo ushike jembe."

Akalishika. Lakini neno moja la zamani lilikuwa limemganda mdomoni. Kwa miaka yote ile, mkulima akilia, alimwambia ajikaze. Alipopunguzwa kazi alijiambia ajikaze. Na mwaka wa kwanza wa darasa, binti mmoja mtunzi wa nyimbo za kanisa alianza kukaa kimya, kichwa kimeinama. Bwana Shamba, kwa nia njema kabisa, akamwambia, "Jikaze, mwanangu." Binti akajikaza. Akajikaza hadi midomo yake haikufunguka tena, si kwa wimbo wala kwa salamu. Ndugu zake walikuja kumchukua, wakampeleka mbali, na hatukupata habari zake. Siku iliyofuata ufagio ulipanda ukutani. Bwana Shamba mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kufagia, peke yake, sisi tumesimama mlangoni hatujui tuangalie wapi. Daftari la yule binti lilibaki mezani kwake miaka yote niliyomjua, na hakuna aliyeruhusiwa kuweka kitu juu yake.

Sasa zamu yangu, na hapa nitajaribu kutotia chumvi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Maduka yalikuwa yanaota kama uyoga na kila duka lilitaka maandishi mlangoni, basi mimi ndiye nikawa mwandishi wa Mbinga nzima, au tuseme nusu yake. Kisha kichwa kikaanza kukimbia. Mwanzoni ilikuwa raha, siwadanganyi. Sikuhitaji usingizi. Rangi ziliniita kwa jina. Nikachora ukuta wa nyumba yetu nje na ndani, nikachora mikeka ya kuanikia kahawa, nikachora mbuzi wa jirani akiwa hai. Nikateremka Lundo, kando ya ziwa, kuandika jina kwenye mtumbwi mmoja, na nilipomaliza nikaichora mitumbwi yote kumi na mmoja iliyokuwa ufukweni. Nikaitia macho, kwa kuwa niliona ni dhambi chombo kwenda majini kipofu.

"We dogo!" mvuvi mmoja alinipigia kelele. "Mtumbwi wangu unanikodolea! Nikitupa wavu unaniangalia kama mkwe!"

Walinirudisha nyumbani nikiwa nacheka. Baada ya siku chache kicheko kikaisha, na kila kitu kikaisha nacho. Nikalala kitandani nimegeukia ukuta ule ule niliouchora. Sikula, sikusema. Nilitamani tu nisiwepo. Hilo nalisema wazi kwa sababu wapo vijana wanaolifikiri wakidhani ni wao peke yao duniani.

Baba Mdogo ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba, maana baba alikwisha fariki. Siku ya tisa aliwasha moto uani, akakusanya brashi zangu zote saba, na kando yake akaweka kamba ya kufungia magunia. Mama alikuwa analia jikoni. Mimi nilisikia yote kupitia dirishani, na sikuwa na nguvu hata ya kuogopa. Ndipo nikasikia tiki-tiki-tiki ya baiskeli inayosukumwa.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bwana Shamba. Umetukuta kazini."

"Naona. Mnachoma nini?"

"Wazimu," Baba Mdogo akasema. "Hizi brashi ndizo zinazoulisha."

"Na kamba?"

"Asitoroke tena akachoree watu mitumbwi."

"Mtu ana siku tisa hajageuka ubavu! Mfunge kuku, ndiye anayetembea."

"Acha mzaha, ndugu yangu." Sauti ya Baba Mdogo ilikatika. "Ni mtoto wa marehemu kaka. Watu wanasema mimi ndiye nimemroga. Unajua mimi nalalaje?"

Nikasikia Bwana Shamba akikaa chini, mifupa yake mirefu ikilia mmoja mmoja. "Sijui unalalaje. Lakini niambie. Mlima ukimomonyoka, unachoma jembe?"

"Hapana."

"Basi nipe hizo brashi nizitunze. Nipe na nafasi ya kumpeleka hospitali huko chini ziwani. Nikimrudisha vilevile, moto nitauwasha mimi mwenyewe, na kamba nitaifunga mimi."

Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye mizani: mkono wangu huu wa kuchorea, na kamba ile.

Akaingia chumbani. Nilidhani atahubiri. Akasema, "Nipo," akakaa sakafuni, akafungua mpira wa ndani wa baiskeli na kuanza kuziba pancha. Alikaa hadi jioni, akaondoka. Kesho yake, "Nipo," na pancha nyingine. Siku ya tatu harufu ya gundi ilinizidi nikageuka.

"Kiraka umekiweka upande," nikamwambia. Ndiyo maneno yangu ya kwanza.

"Basi nionyeshe."

Nikamwonyesha. Baadaye nilikuja kujua kwamba mpira ule haukuwa na pancha. Alikuwa akiutoboa nyumbani kwake kila asubuhi.

Tulishuka ziwani mimi nimekaa nyuma kwenye keria, yeye anasukuma. Njia nzima. Nilipomwuliza kwa nini hapandi, alisema breki mbovu. Daktari wa hospitali ile ya misheni alitusikiliza bila haraka, akasema huu ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, dawa ipo, lakini hautaki pupa. Nikamwuliza kama nitachora tena.

"Mimi sijasomea uchoraji," akasema, "lakini sioni cha kukuzuia."

Bwana Shamba akatoa kalamu. "Rudia hilo, daktari, niliandike. Kuna mtu nyumbani atataka kulisoma."

Tuliporudi, alichora ghalani miraba minne ukutani, ya chaki, imepinda kama alivyopinda ng'ombe wake. "Kichwa chako kina mvua nyingi," akaniambia mbele ya darasa zima, bila kunong'ona. "Hatuizuii mvua, ndiyo inayootesha. Tunachimba mashimo ikae. Hili la usingizi. Hili la chakula. Hili la dawa. Na hili la nne ni la mtu, kila siku uongee na mtu, hata kama ni kugombana naye." Wenzangu wakalichukua jambo hilo kama mchezo wa mpira. "Msanii! Leo umekunywa dawa au dawa imekunywa wewe?" Yule dada wa beti akaniulizia usingizi kwa vina. Nilicheka nikiwa sitaki.

Dawa zilinikausha mdomo na kutetemesha mkono. Mstari wangu ukawa kama njia ya mbuzi. Nilitaka kuziacha, na mara moja niliziacha, mvua ikarudi, tukashuka tena ziwani na keria ile ile. Hakunigombeza. Brashi alikuwa ananirudishia moja moja, kuanzia ndogo. Nilipoziacha dawa alinyoosha mkono tu, nikamrudishia tatu nilizokuwa nazo, tukaanza upya. Ya saba alinipa asubuhi ya mtihani wa kidato cha nne, nilioufanya kama mtahiniwa binafsi, nikiwa nimekaa kati ya wazee wawili na mama aliyenyonyesha. Matokeo yalipotoka, yeye ndiye aliyeyasoma ubaoni Mbinga mjini, na nasema, kwa mara ya kwanza katika historia ya milima hii, alipanda baiskeli kwenda mlimani. Alifika akitoa moshi. Baba Mdogo alichinja jogoo, kisha akanipa ukuta wa mbele wa nyumba. "Chora," akasema. "Lakini usitie macho."

Leo jina langu liko kwenye mabango kutoka Mbinga hadi ufukweni, na Jumamosi nafundisha vijana kuchora. Najisifu, ndiyo. Mtu aliyetolewa kando ya kamba ana haki ya kujisifu kidogo.

Mara ya mwisho kukaa na Bwana Shamba kwa muda ilikuwa kwa sababu ya binti mmoja wa Namswea, miaka kumi na sita. Akina mama wa kikundi cha kioda walikuwa wanacheza ngoma kwa nyimbo alizotunga yeye, watu wazima wakiongozwa na mtoto. Kisha akanyamaza. Wiki sita. Baba yake, mkulima wa kahawa, mtu wa kifua kipana, alimleta kwangu akiwa amechanganyikiwa, na mimi nikawachukua wote wawili nikawapeleka kwa mzee.

"Nipo!" ikaja sauti kutoka ndani kabla sijabisha.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba. Mchoraji? Umenenepa. Ni dawa au ni ugali?"

"Vyote viwili."

Alikuwa amezeeka, fimbo mkononi, lakini urefu ule ule. Nikamweleza habari, kisha nikamwomba, "Mwambie na huyu yale maneno uliyoniambia mimi."

Akanitazama kwa mshangao. "Maneno gani? Sikuwa na maneno. Nilikuwa naogopa."

"Wewe? Uliogopa nini?"

"Ile baiskeli breki zake zilikuwa nzima." Akaangalia mikono yake. "Niliwaza nikipanda, tukifika kwenye zile kona za kuteremkia Lundo, ukiamua kuruka sitakuwahi. Ndiyo nikasukuma. Mkono mmoja kwenye usukani, mmoja umeshika shati lako kwa nyuma. Hukuhisi?"

Sikuhisi. Miaka yote hiyo nimesimulia safari ile kwa madoido ya kila aina, nimeweka na chui ndani yake, na jambo kubwa kuliko yote lilikuwa mgongoni kwangu sikulijua.

"Kesho tunashuka," mzee akasema. "Mimi nakuja."

Tulimkatalia, akaja. Gari lilitufikisha hadi mahali tope lilipolishinda, tukashuka kwa miguu mteremko wa mwisho, ziwa limetanda chini yetu. Nusu ya njia binti akakaa juu ya jiwe, uso magotini. Baba yake akainama, akamshika bega kwa upole kabisa.

"Jikaze, mwanangu. Tumekaribia."

Fimbo ikasimama. "Umesema nini?"

Ikabidi nimweleze mtu yule sheria yote, na padri, na ghala. Akacheka kwa aibu. "Sasa mzee, hapa porini ghala liko wapi?"

"Tutalipata," Bwana Shamba akasema, akakaa kwenye jiwe pembeni mwa binti. "Na wewe mwanangu, pumzika. Mimi mwenyewe nimechoka kuliko wewe." Tukakaa wote hadi binti aliposimama mwenyewe.

Hospitali tulikuta foleni. Tulipopata nafasi kwenye benchi la verandani, mzee alikwenda kunong'ona na sista, akarudi na ufagio. Baba wa binti aliutazama, akatutazama, akavua kofia, akaanza. Fwaa, fwaa. Wagonjwa wakainua miguu. Wengine wakacheka. Jasho likamtoka yule mtu mpana, lakini hakuruka kona hata moja. Bwana Shamba alikuwa anapiga mdundo kwa fimbo yake, na kwa kawaida yake, alikuwa nje ya mdundo kabisa.

Nikaona kidole cha binti kinagonga benchi. Taratibu. Kikasimama, kikaanza tena, kama kinachotafuta kitu.

"Baba," akasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. "Unachelewesha."

Ufagio ukaganda hewani. "Nini, mama?"

"Mapigo. Unachelewesha mapigo."

Baba yake alirudi hadi mwanzo wa veranda, akaushika ufagio vizuri, akamwangalia mwanawe amwanzishie.